Dawa Zisizo na Jina

Jirani, Mama Pacha, alikuwa anaeleza jinsi maji ya kabichi yalivyomponya shemeji yake vidonda vya tumbo, mara sauti ikasikika kutoka chumba cha nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, ya polepole, kama mtu anayeagiza kitu kwa muuza duka kiziwi.

"Mgonjwa wa saratani ya tumbo asiyepewa matibabu huishi muda gani?"

Mama Pacha akabaki na kikombe mdomoni. Mumewe, dereva wa lori, aliyekuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa kwa sababu tu mkewe alimvuta, akakodolea macho ncha za viatu vyake. Kisha simu ikajibu. Masikio ya mgonjwa yalikuwa yameshachakaa kwa makelele ya mashine ya kufuma, kwa hiyo simu yake ilizungumza kwa sauti ya juu kabisa, na yule mwanamke wa ndani ya simu hakujua kunong'ona.

"Muda hutofautiana kati ya mgonjwa mmoja na mwingine," alisema kwa sauti safi ya mtangazaji. "Saratani ya tumbo ambayo imekwisha kusambaa..."

Waya, mwana wa mgonjwa, alinyanyuka kama aliyepigwa na umeme, na umeme ndiyo kazi yake. Akanyakua rimoti akapandisha sauti ya televisheni. Tangazo la sabuni likajaa sebuleni, wanawake watatu wakiimba huku wakianika mashuka meupe. Waya akasimama katikati ya chumba na rimoti mkononi, akitazama lile tangazo kwa makini kama mtu anayetaka kununua.

"Haya, sisi tuage," alisema dereva.

"Kaeni kidogo, chai bado," alisema mke wa Waya, ambaye mtaa mzima ulimwita Msusi. Alikuwa ameshika chupa ya chai, hajui aiweke wapi.

Mama Pacha alivaa kandambili zake mlangoni bila kuharakisha. Alikuwa mama mwema, lakini alikuwa amefanywa mjinga, na alilijua hilo. Kwa miezi minne alikuwa akiingia nyumba hii na ushauri wake wa vidonda: mara asali, mara kabichi, mara asile pilipili. Nao walikuwa wakimwitikia, "Ahsante sana, tutajaribu."

"Kumbe siyo vidonda," alisema.

Televisheni ilikuwa bado inaimba.

Walipoondoka, Waya alisogeza pazia akaingia chumbani kwa mama yake. Mama alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, miwani ya kufumia puani, simu mapajani. Simu ilikuwa ya Msusi zamani, kioo chake kina ufa pembeni. Msusi alimpa alipokuwa anaanza kuumwa, ili aangalie mitindo ya masweta, kwa kuwa mama alikuwa akiwafumia wanafunzi wa shule tatu na wazazi siku hizi wanataka kola za kila aina. Kusoma kwake kulikuwa kwa kuhesabu herufi moja moja. Msusi ndiye aliyemwonyesha kwamba hahitaji kuandika. "Bonyeza hapa, mama, halafu sema tu unachotaka." Mama alicheka sana siku ile. Alisema, "Nionyeshe kola ya vishikizo viwili," na kola zikaja.

"Kaa," alimwambia mwanawe.

Waya hakukaa. "Mama, hizo simu zinadanganya watu. Kila mtu anaweka uongo wake humo."

"Najua. Kuna mmoja humo anauza mizizi, anasema inaponya kila kitu mpaka nuksi. Huyo nilimpita." Alivua miwani. "Mimi nilianzia kwenye dawa zangu, baba. Mlizitoa kwenye paketi zake mkaziweka kwenye kopo lile la vitamini. Mkaandika asubuhi na jioni. Mlifanya vizuri. Lakini vidonge vyenyewe vimepigwa chapa, hamkuona? Herufi na namba, ndogo kama macho ya sisimizi. Nikazisoma moja moja, simu ikanisikiliza. Ikaniambia dawa hii ni ya nini na wanaopewa ni watu gani. Nikauliza tena kesho yake, nikidhani nimeisoma vibaya."

"Dawa moja inatibu magonjwa mengi."

"Ni kweli."

"Daktari alisema vidonda."

Mama alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomfanya Waya aangalie ukutani. Kisha mama akafanya jambo ambalo Waya alilikumbuka kwa aibu siku zote zilizofuata: alimwonea huruma.

"Basi ni vidonda," alisema. "Nenda ukapumzike, umefanya kazi kutwa."

*

Dada yake Waya alikuwa mwalimu katika mji mwingine, na ndivyo alivyoitwa hata nyumbani, Mwalimu. Usiku ule ule alipiga simu, kwa kuwa Msusi alikuwa amemtumia ujumbe.

"Nani alimpa simu?" ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

"Wifi yako," alisema Waya, na Msusi akamkata jicho.

"Sasa mnyang'anyeni. Mwambieni imeharibika. Waya, tulikubaliana! Tulisema akijua atakata tamaa, atalala kitandani asiamke. Si tulisema hivyo?"

"Amejua, na leo asubuhi amefuma mikono miwili ya sweta," alisema Msusi kwa sauti ya kutosha kusikika upande wa pili.

"Mwambie mkeo aniache niongee na ndugu yangu."

"Nimekusikia, wifi. Na mimi ndiye ninayemwogesha."

Waya alitoka na simu nje, akasimama karibu na karo la kufulia. Dada yake alilia kidogo, halafu akaanza tena. Je, mama ameuliza habari za matibabu? Waya akasema bado. Ameuliza daktari aliwaambia nini? Bado. Lile ndilo hasa waliloliogopa. Jina la ugonjwa lilikuwa jambo moja. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, na hawakuwahi kulitaja hata wao kwa wao tangu siku ile kwenye veranda ya hospitali.

"Usimnyang'anye," alisema Mwalimu mwishowe. "Itakuwa vibaya. Ila... si wewe ndiye unayemwekea bando?"

Hapo ndipo Waya alipofanya jambo dogo kabisa. Kila Jumapili alikuwa na desturi ya kumnunulia mama bando la wiki. Jumapili ile hakununua. Hakusema kitu, hakugusa simu yake, hakumnyang'anya mtu chochote. Alijiambia hivyo mara nyingi alipokuwa juu ya ngazi, kwenye nyumba ya watu, akivuta nyaya ndani ya dari.

Jumatatu jioni mama aliuliza, "Bando limeisha, au mtandao unasumbua?"

"Mtandao, mama. Wiki hii unasumbua kila mahali."

"Aa," alisema mama. "Basi tutangoja."

Msusi alikuwa anapepea mkaa. Aliinua kichwa akamtazama mumewe, halafu akaendelea kupepea, kwa nguvu zaidi, mpaka majivu yakaruka.

*

Ilikuwa Alhamisi Waya aliporudi mapema, kwa kuwa tajiri wake alikosa vifaa. Mashine ya kufuma ilikuwa inalia barazani, krr kwenda, krr kurudi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake amejifunga shali, amekonda mpaka mabega yamekuwa kama ya msichana. Na pembeni ya mashine, kwenye sanduku la nyuzi, ile simu yenye ufa ilikuwa inazungumza.

"...matibabu haya hupitishwa kwenye mshipa. Baadhi ya wagonjwa hupungukiwa nywele na kusikia kichefuchefu. Kwa baadhi, uvimbe hupungua na mgonjwa huongezewa muda wa kuishi..."

Waya alisimama na mfuko wake wa koleo na bisibisi begani. "Mtandao umerudi?"

"Umerudi," alisema mama bila kusimamisha mkono. "Mama Pacha kanirushia bando kutoka kwenye simu yake. Alikuja kuomba radhi."

"Kuomba radhi kwa lipi?"

"Kwa kabichi." Mama akacheka, akashika tumbo, akaacha kucheka. "Nikamwambia mtandao unasumbua wiki nzima. Akashangaa. Kasema kwake haujasumbua hata siku moja. Kisha akaniangalia, akaelewa, akaona aibu badala yako. Akanirushia, hata hakusema neno."

Joto lilimpanda Waya kutoka shingoni mpaka masikioni. Mtaa mzima sasa ulijua, si tu ugonjwa wa mama yake, bali pia kwamba yeye, fundi anayeaminiwa funguo za nyumba za watu, alimnyima mama yake mzazi bando la wiki. Ni bando ambalo wanafunzi wanagawiana barabarani. Angeiba kuku angekuwa na la kujitetea.

"Mama..."

"Leta kigoda."

Safari hii alikaa. Mfuko wa vifaa aliuweka chini taratibu, usipige kelele.

"Hili la bando limekwisha," alisema mama. "Ni utoto, nimelisamehe, tusilirudie. Nataka kukuuliza lingine, na ukinidanganya nitajua, kwa sababu sasa nina pa kuuliza. Siku ile ya kwanza, baada ya kipimo cha kumeza mpira. Daktari aliwaita nje, wewe na dada yako. Mimi nilibaki ndani navaa. Alisema nini?"

"Alisema... ni ule ugonjwa."

"Hilo tumeshalipita."

Waya alianza kuchokoa ukucha wa kidole gumba. "Alisema kuna dawa za mshipa. Kwamba zinaweza kusaidia. Hakusema zitaponya, mama, hakusema hivyo. Alisema zinaweza kuongeza muda. Lakini zinatesa. Nywele, kutapika, kwenda na kurudi kila baada ya wiki chache. Akasema njia nyingine ni kutuliza maumivu tu, ukae nyumbani kwa raha."

"Akauliza?"

"Akauliza."

"Alimuuliza nani?"

Barabarani alipita mtu na baiskeli, akapiga kengele, akamsalimia mama, "Za kazi, Mama Sweta!" Mama akanyanyua mkono akaitikia, "Njema!" kwa uchangamfu wote, kisha akarudisha macho kwa mwanawe.

"Aliuliza, 'Mama mwenyewe anajua?' Tukasema hajui na tusingependa ajue. Akasema basi, sisi ndio familia, tuseme tunachagua lipi."

"Nani alisema?"

"Mimi. Dada alikuwa analia. Nikasema mama hataki."

"Mama hataki," alirudia mama.

Aliyarudia maneno yale taratibu, kama anavyorudia maneno anapoongea na simu, akihakikisha yamesikika. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye mpini wa mashine. Chini ya sindano ilining'inia nusu ya mgongo wa sweta la kijani, la mtoto wa darasa la kwanza labda, dogo sana.

"Sikutaka uteseke," alisema Waya. "Mama, wallahi. Tulikuwa tunakulinda."

"Najua mlikuwa mnanilinda. Hata kuku hulindwa. Lakini mimi nina mdomo, baba. Nilikuzaa kwa uchungu wa siku nzima na usiku wake, hakuna aliyetoka nje akasema huyu hataki. Nimefanya kazi kwenye mashine hii tangu kabla hujaota meno. Ningeshindwa kuulizwa swali moja?"

Msusi alitoka ndani, akasimama mlangoni na taulo begani. Hakuna aliyemwambia aondoke.

"Na wewe ulijua?" mama alimuuliza.

"Nilijua, mama." Msusi alilia papo hapo, bila kujificha. "Nilisema siyo sawa. Nilisema mara moja. Nilipaswa kusema zaidi."

"Haya. Kliniki ni Jumatatu. Tutakwenda."

*

Veranda ya hospitali ilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, na watu waliokaa juu yake walikuwa na namna moja ya kukaa: mgonjwa mmoja, kisha mtu wa kumsindikiza ameshika bahasha kubwa ya picha. Wagonjwa walitazama mbele. Wasindikizaji walitazama mlango. Waya hakuwahi kuliona hilo. Safari zote zile yeye ndiye aliyekuwa anaingia kwanza, anaweka mambo sawa na daktari, ndipo anamwita mama.

Pembeni yao kijana mmoja aliyevaa vizuri alimwinamia nesi akamnong'oneza, "Samahani sista, mzee wangu hajui. Mkimwita msitaje." Nesi aliitikia kwa kichwa bila kushangaa. Mzee wake alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo, mikono juu ya magoti, na mfukoni mwa shati lake lilionekana umbo la simu.

Waya alisikia kila neno. Alijua kwamba mama naye, pamoja na masikio yake mabovu, alikuwa amesoma ile midomo. Mama aliweka tu sawa shali yake.

Walipoitwa, waliingia wote wawili. Daktari alikuwa mwanamume wa makamo, mchovu, mwenye adabu. Alifungua faili, na kwa mazoea akamgeukia Waya.

"Enhe, kijana wangu. Mama anaendeleaje na vile vidonda vyetu?"

Akamkonyeza kidogo, ishara ya watu wanaotunza siri pamoja. Aliifanya mbele ya mama. Waya aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Akaona kwamba ishara ile lazima ilifanywa kila safari, na kwamba mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti kile kila safari, akiiona.

Alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yameyeyuka.

"Muulize mwenyewe, daktari," alisema.

Daktari akamtazama mama. Mama akamtazama daktari.

"Siyo vidonda," alisema mama. "Ni saratani, na nina maswali sita. Huyu mwanangu atatusubiri nje."

Waya alitoka. Mlango ulifungwa nyuma yake, na akasimama kwenye veranda asijue aweke wapi mikono. Aliweza kusikia sauti tu, si maneno: ya mama, fupi fupi, ya daktari, ndefu, kisha ikapungua, kisha kimya kirefu, kisha mama tena. Mara moja alisikia kama mama amecheka. Akasogea karibu na mlango. Nesi akamwambia, "Kaka, huruhusiwi kusimama hapo."

Alikaa benchini, upande wa wasindikizaji. Akatoa simu. Angeweza kuuliza chochote humo na kingekuja: bei ya nyaya, ugonjwa wa mtu yeyote duniani, namna unavyoanza na namna unavyomaliza. Alifungua mahali pa kuandika. Nyuma ya mlango ule kulikuwa kunasemwa jambo moja tu alilotaka kulijua, na lile halikuwa kwenye simu ya mtu. Hivi ndivyo alivyokuwa amemweka mama yake kwa miezi minne: nje ya mlango, akisikia sauti.

Mama alipotoka, alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Waya akakimbilia kumshika. Mama akamwacha amshike. Walitembea hivyo mpaka nje, kwenye kivuli cha ukuta wa duka la dawa, na pale mama akaomba wapumzike.

"Unajisikiaje?" aliuliza Waya.

"Siyo hilo unalotaka kuuliza."

Watu walikuwa wanapita na chupa zao za maji na bahasha zao. Neno lile Waya alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mama yake, hata Alhamisi ile barazani. Mwanamke wa kwenye simu alilitamka mara ngapi sijui, bila kuona haya.

"Mama," alisema. "Daktari amesema nini kuhusu hiyo... kuhusu saratani yako?"

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyesubiri mtoto amalize kusoma sentensi.

"Amesema imetembea. Ipo kwenye ini pia. Amesema dawa za mshipa bado naweza kupewa, lakini kwa kipimo kidogo, maana mwili umechoka. Labda zitanisaidia, labda zitanilaza. Hajui, na kasema hajui, nimempenda kwa hilo. Nimemwambia tujaribu. Nikiona siwezi nitaacha, na nitasema mimi mwenyewe. Tunaanza wiki ijayo. Mkeo atanisindikiza."

"Sawa, mama."

"Kuna moja limebaki." Alivuta pumzi, akasubiri maumivu yapite. "Nilimuuliza kama tungeanza siku ile ya kwanza ingekuwaje. Hakutaka kujibu. Nikamwambia jibu, mimi si mtoto. Kasema ingekuwa nafuu. Siyo kupona, lakini nafuu. Huenda mwaka, huenda na zaidi. Nakuambia na hilo, baba. Sitaki kukuficha kitu."

Alilisema bila kumkomoa, kwa sauti ile ile aliyomwambia mengine yote, huku amemshika mkono asianguke. Waya alikuwa ameinamisha uso. Angetoa chochote alichonacho, pale pale mbele ya watu, ili awe amefichwa hilo moja.